Picha Mbili za Kipande Kimoja cha Mbingu

Niliacha shule kidato cha pili. Mama alikuwa amemfuata baba kaburini, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu wanaohitaji kula na kuvaa sare. Misheni moja nje ya mji wa Nyeri ilinipa kazi, chini ya Bruda, mtawa Mwitaliano aliyesimamia karakana. Nilichomelea matangi ya maji na kuendesha pikapu. Kazi ya darubini ilikuja baadaye, kwa sababu shingo yake ilikuwa imezeeka na yangu bado.

Darubini aliitengeneza mwenyewe, bomba nene kama pipa, na kioo alikisugua kwa mikono yake. Alichotafuta nayo niliwaeleza wadogo zangu hivi: mbali sana, kupita nyota zote tunazoziona, kitu hulipuka na kurusha miale ya gama, ambayo jicho haliioni na hewa yetu huizuia. Setilaiti huinasa kwa sekunde chache, basi. Lakini mahali pale hubaki nuru ya kawaida, hafifu, inayofifia kwa siku mbili tatu. Anayeitaka hupiga picha haraka, halafu hupiga nyingine ya mahali palepale nuru ikishazimika. Kitone kilichomo katika ya kwanza na kisichomo katika ya pili ndicho chenyewe. Mdogo wangu wa kike aliuliza tu kama kuna mtu anayemlipa Bruda kwa hiyo kazi.

Setilaiti ilikuwa ya Waitaliano, na antena zake zilikuwa pwani ya nchi yetu. Mtu aliyesoma na Bruda utotoni alifanya kazi huko. Mlipuko ukitokea, alipiga simu misheni na kutaja namba za kuonyesha mahali penyewe mbinguni, nami nilizirudia kwake mara mbili ndipo nikate. Alipiga mara kadhaa kwa mwaka mmoja na kitu, na kila mara Nyeri ilikuwa chini ya ukungu. Halafu wakubwa wa Bruda wakamwandikia kwamba mwisho wa mwaka arudi kwao akapumzike. Aliikunja ile barua akasema, "Basi nataka moja tu."

Hiyo moja ilikuja Julai, mwezi ambao Nyeri hukaa wiki nzima bila kuliona jua. Simu ililia alasiri. Bruda alitoka nje, akatazama juu, akaniambia tufunge darubini kwenye pikapu tushuke Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, ambako wingu huwa jepesi. Tulipita Karatina na Sagana kwa mvua ya rasharasha. Kagio tulisimama kuuliza kama anga lilikuwa wazi jana usiku, na mama mmoja muuza nyanya akalitazama lile bomba nyuma.

"Hiyo ni ya kupiga ndege?"

Nilimwambia ni ya kuangalia nyota.

"Ati nyota? Na mzee wa watu hana hata koti la maana," akasema, wenzake wakacheka. "Mungu hajaficha kitu huko juu. Nunueni nyanya muende nyumbani."

Tulikaa pembeni ya mfereji, ng'ambo ya Kutus. Saa mbili na nusu wingu lilipasuka. Picha moja ilichukua dakika arobaini, na muda wote huo mtu lazima aweke jicho kwenye nyota ya kuongozea na kuzungusha kijigurudumu cha darubini polepole, isitoke katikati ya msalaba wa nyuzi ndani ya lenzi. Bruda alianza, mimi nikamalizia. Tulipiga mbili kabla ya wingu kufunga. Koti lake lilikuwa limelowa umande, na tuliporudi alikohoa mpaka Karatina.

Asubuhi alishindwa kusimama. Kabla hawajampeleka hospitali kwa ajili ya kichomi, alinipa filamu. Kwa kawaida aliisafisha mwenyewe. Aliniagiza niipeleke kwa mpiga picha mjini, isafishwe tu, na usiku wa tatu nirudi Mwea peke yangu kupiga picha ya pili, ile ya kulinganisha.

Mpiga picha alikuwa mzee wa mtaa wa Majengo, mtu mpole, aliyempiga picha karibu kila mtoto wa kipaimara mjini. Sikumwambia ni nyota. Watu walikuwa wamenicheka vya kutosha, na nilikuwa na haraka ya kwenda wodini. Nilisema tu, ni filamu ya Bruda.

Jioni alinipa bahasha. Ndani mlikuwa na vipande vya filamu vyenye picha za tangi jipya la shule ya chekechea, ambazo Bruda alizipiga mwanzoni mwa filamu. Nikauliza zilizobaki ziko wapi.

"Hazikuwapo, mwanangu. Nusu nzima tupu, nyeupe kabisa. Nikaikata." Kwenye filamu usiku hutoka mweupe, na nyota huwa chembe nyeusi kama vumbi.

"Umeiweka wapi?"

Alinionyesha jiko la makaa kwenye kona. Baridi ya Julai huizuia dawa ya picha kufanya kazi mpaka ipashwe moto, na yeye alikuwa na mazoea ya kuwasha makaa kwa mabaki ya filamu. Nililala kifudifudi nikaangalia chini ya jiko. Kulikuwa na majivu na tone la kitu cheusi kilichoganda. Ndipo nilipomweleza. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia.

Wodini Bruda aliuliza kwa macho. Nilimwambia bado zinakauka.

Usiku wa tatu nilishuka Mwea. Anga lilikuwa safi kutoka Sagana hadi Kutus, safi kuliko nilivyowahi kuliona. Nilishika nyota dakika arobaini bila kukosea, nikijua ninachopiga hakina cha kulinganishwa nacho. Ningefanya nini? Ile nuru isingenisubiri nijifunze kusema. Mpiga picha aliisafisha filamu nikiwa nimesimama kando yake, akanitolea picha kubwa.

Bruda aliipokea kwa mikono miwili. Alichukua lenzi, akachora duara dogo kwa penseli, akahesabu vitone ndani yake. Ramani zake hazikuwa na nyota hafifu kiasi hicho.

"Kumi na moja," akasema. "Lete ya kwanza."

Nikamwambia yote, pamoja na kwamba niliona haya kutaja nyota. Alinisikiliza huku lenzi ikiwa bado mkononi.

"Ya kwanza ingekuwa na kumi na mbili," alisema mwishowe. "Au kumi na moja."

"Ndiyo, Bruda."

"Wewe ulikuwa na jicho pale. Uliona kitu?"

"Niliona nyota ya kuongozea peke yake."

Alitikisa kichwa, akaniomba nimshushie mto. Kisha akasema rafiki yake anangoja jibu, nipige simu. Nilimuuliza nimwambie nini.

"Mwambie mawingu. Yule mzee wa picha ana jina lake mjini, na wewe una wale wadogo zako wa kulisha."

Nilipiga simu kutoka ofisini. Nilisema tulijaribu, lakini kulikuwa na mawingu. Yule wa pwani alisema pole, Julai ndivyo ilivyo huko kwenu, akauliza hali ya kifua cha Bruda.