Nilikwenda Kumfumania Mume Wangu na Mwenyekiti wa Klabu

Mume wangu hajawahi kuosha hata kikombe chake mwenyewe. Sasa fikiria nilivyojisikia Jumamosi ile nilipomwona anatoka na ndoo, brashi na sabuni ya unga, anapiga mluzi kama bwana harusi.

"Baba Pacha, unaenda wapi na ndoo yangu?"

"Klabuni. Leo tunasafisha vyoo vya zahanati."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaacha kucheka.

Klabu yenyewe ilikuwa mpya mtaani, ya watu wa kujitolea. Wanasafisha zahanati, wanahudumia wagonjwa wasio na ndugu. Safi kabisa.

Tatizo langu lilikuwa mwenyekiti.

Fundi cherehani. Mjane. Sauti ya asali, na magauni anajishonea mwenyewe, yakamkaa sawasawa. Mimi msusi, jioni narudi nanuka mafuta ya nywele. Nishindane naye kwa lipi?

Kwenye ukuta wa klabu waliandika maswali matatu ya mwanachama kujiuliza kabla hajasema au kutenda: Ni kweli? Ni haki? Nani ataumia?

Basi mume wangu akaanza kuyaleta nyumbani. Nikimsema jirani: "Mama Pacha, ni kweli?" Nikiwafokea watoto: "Lakini ni haki?"

Ndani ya nyumba yangu! Sauti ya mume wangu, maneno ya yule mwanamke. Nilikuwa nameza wembe.

Saluni nako mteja akanimaliza.

"Shoga, nisikufiche. Jana nimemwona mumeo na fundi cherehani wanaingia nyumba moja nyuma ya karakana. Wawili tu. Wakafunga mlango."

Nikavuta msuko mpaka akapiga yowe.

Jioni nikamuuliza mume wangu, "Jana ulikuwa wapi?"

"Kwa mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

Akachukua ndoo, akatoka nje. Mtu wa maswali matatu, moja tu likamshinda.

Jumamosi iliyofuata nikafunga saluni, nikajifunga kibwebwe, nikawafuata mpaka nyumba ile. Mlango nikausukuma kwa bega.

"Leo mmepatikana!"

Mume wangu alikuwa amepiga magoti, anamnyoa ndevu mzee mmoja kitandani. Fundi cherehani ameshika beseni la maji.

Nikamtazama yule mzee.

Alikuwa baba yangu.

Ndiyo, yule aliyemwacha mama na sisi wadogo, akahamia kwa mwanamke mwingine. Niliapa mbele ya mume wangu: atakayemsalimia mzee yule, mimi na yeye basi.

"Majirani ndio walioiita klabu," mume wangu alisema, hata macho hakuinua. "Yule mwanamke wake alishafariki. Nikamtambua kwa ile picha aliyopiga na mama yako. Ningekwambia, ungenikataza."

Fundi cherehani akaweka beseni chini.

"Dada, mimi nilimwambia kukuficha si kweli na si haki. Yeye akashikilia lile la tatu, kwamba ukijua utaumia. Tunabishana kila tukija hapa."

Mzee akageuza kichwa. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho.

"Nani huyo?"

Wote wakaniangalia.

"Wa klabu," nikasema.

"Karibu, mama. Mungu awabariki." Akapapasa hewani mpaka akalipata shavu la mume wangu. "Huyu ni mwanangu kabisa."

Jamani! Wivu niliokuja nao pale mlangoni ulikuwa mchezo wa watoto. Utoto wangu wote nimemlilia mzee yule anishike shavu hivyo. Leo analishika la mkwewe, wala hajui kama ni mkwewe.

Nikamnyang'anya mume wangu wembe.

"Sogea. Utamkata."

Nikanyoa upande uliobaki, machozi yanadondokea kwenye povu. Nilipomaliza nikamfuta uso kwa taulo, nikamwinamia sikioni, nikamtajia jina langu.

Alianza kulia kabla sijalimaliza.

Nisiwadanganye, sijamsamehe yote. Kuna siku naenda, namlisha, naondoka bila kusema neno. Na mume wangu tuligombana wiki nzima kwa kunificha. Aliomba radhi, nami nikamwomba radhi fundi cherehani, ingawa magauni yake bado yananiuma.

Ila wenzangu wenye roho kama yangu, shikeni hili: wivu haukosei mahali panapouma. Hukosea tu ni nani aliyepaumiza.