Kopo la Dada Msasa

Kwenye karakana ile ya samani, hakikutoka kitu nje kabla Dada Msasa hajakigusa. Wenzake saba walipasua, wakapiga randa, wakaunga. Yeye alikuwa wa mwisho, akisugua kwa msasa na kupaka vanishi, ndiyo maana jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Mwembamba, mcheshi, mwimbaji asiyechoka, na mdomo wake haukuwa na breki. Kwa mtu kama huyo kunyamaza ni adhabu, na alinyamaza miezi mitano mizima.

Alimnyamazia fundi mkuu. Mzee walimwita Unywele, kwa sababu viungo vya mbao alivyounga vilishikana hata unywele usipite. Ndiye aliyempokea Dada Msasa baada ya karakana tatu kumwambia mbao si mambo ya wanawake, akamfundisha kushika brashi kama binti yake wa kumzaa. Sasa, tangu mwezi wa tatu, viungo vya mzee vilianza kuacha mwanya. Mdogo, lakini upo. Kila jioni Dada Msasa alibaki nyuma kidogo, akachanganya unga wa mbao na gundi kwenye kopo, akaziba, akasugua. Asubuhi wenzake wakipita husema, "Safi kama kawaida, mzee," naye Dada Msasa anajiinamia. Jamani, kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ni rahisi mno ukiwa unampenda.

Kisha likaja agizo la mabenchi arobaini ya kliniki ya wajawazito. Benchi la kwanza lilipomfikia Dada Msasa, alipitisha kidole kwenye kiungo cha mguu, na ukucha ukazama. Alilishika kopo, akaliweka chini. Unga na gundi huziba macho ya watu. Havimbebi mama mwenye mimba ya miezi tisa. Akisema, huenda akampoteza mzee aliyemfanya mtu. Asiposema, kuna mama atakaa pale.

Hakutaka kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Alisubiri wenzake wabadili nguo waondoke, akapiga moyo konde, akamfuata mzee na kopo mkononi.

"Mzee, nina neno, na halina sukari."

"Lilete hivyohivyo, mwanangu."

"Viungo vyako vinaacha mwanya. Tangu mwezi wa tatu. Mimi ndiye ninayeviziba."

Mzee alilichukua kopo, akalinusa, akaketi taratibu juu ya gogo. Aliligeuzageuza mkononi mpaka Dada Msasa akaanza kutafuta mlango kwa macho.

"Kumbe ni wewe," alisema hatimaye. "Jioni naona mwanya. Asubuhi nikija, haupo. Nikajua macho yameanza kunichezea. Mwezi uliopita nimemwambia mke wangu huu ndio mwaka wangu wa mwisho kushika patasi."

Dada Msasa alidhani anamfichia aibu, kumbe alikuwa anamnyang'anya mzee macho yake mwenyewe. Aliona haya kuliko siku zote za maisha yake.

"Nisamehe, mzee."

"Nitakusamehe ukinisaidia kutafuta tatizo."

Walikitoa kile kipimo chake cha pembe, cha chuma, alichokitumia miaka yote. Mzee alikiegemeza kwenye ukingo wa ubao, akachora mstari, akakigeuza upande wa pili, akachora tena kutoka palepale. Mistari ilipaswa kulaliana. Ikaachana kama miguu ya mkasi. Hapo ndipo wote wawili walipokumbuka: mwezi wa tatu kipimo kilianguka kutoka kwenye rafu mpaka kwenye saruji, watu wanane wakiangalia. Mzee alikiokota akakifuta vumbi. Nani angemwambia Unywele akipime tena?

"Si mkono," mzee alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Si mkono, si macho. Ni chuma." Kisha akamgeukia. "Na mimi nina langu, nalo halina sukari. Vanishi yako inaacha matone yaliyoganda upande wa chini wa meza. Kila asubuhi nawahi kabla yenu, nayakwangua. Huu mwaka wa saba."

"Miaka saba, mzee? Na hukuniambia?"

"Unaimba ukipaka. Niliogopa utaacha kuimba."

Kesho yake walilifumua benchi lile, wakaanza upya kwa kipimo kipya. Na tangu hapo kila kitu husimama uchi katikati ya karakana kabla ya vanishi, wote wanane wakipitisha mikono na kumwambia mwenye kazi walichokiona, usoni, kuanzia na kazi ya mzee. Wiki ya kwanza mpasua mbao alinuna siku mbili kwa sababu ya mguu mmoja wa stuli. Siku hizi kazi yake isipoguswa anauliza kulikoni.

Benchi la arobaini lilipokamilika, Dada Msasa aliinama na ukucha wake, kiungo baada ya kiungo, bila haraka. Mzee alisimama kando, kofia mkononi.

"Sina la kusema, mzee. Hata unywele haupiti."

Sifa hiyo mzee alishaisikia mara elfu. Siku hiyo aliiamini. Alirudi nyumbani kifua mbele, akamwambia mkewe maneno yale ya kuacha patasi ayafute, kesho yuko kazini.