Dishi Nyuma ya Ofisi ya Wakulima

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kumuuzia amtakaye, mimi nilikuwa meneja wa ofisi ya chama cha wakulima wa mboga, Lushoto mjini. Hoteli za Dar es Salaam zilinunua saladi, karoti na hoho zetu, na maagizo yao yalikuja kwa barua pepe. Tulizipokea kupitia waya wa simu. Modemu ilipiga kelele kama paka aliyebanwa na mlango, laini ikakatika, tukaanza upya.

Siku moja laini ilikataa tangu asubuhi. Iliposhika, lori letu la mboga lilikuwa limeshaondoka, na ujumbe ulikuwa unatusubiri: hoteli iliyochukua mzigo mkubwa kuliko zote imefungwa kwa ukarabati, tusilete saladi. Mzigo ukaozea Dar. Mama mmoja wa kijiji cha Mgwashi, aliyekuwa amevuna shamba lake zima kwa ajili ya lori lile, alikuja ofisini, akakaa kwenye benchi, akauliza kwa upole lori jingine litaondoka lini. Afadhali angenigombeza.

Mwenyekiti wetu, mzee aliyelima karoti juu kidogo ya mji, aliniita pembeni.

"Mwanangu, tafuta intaneti ya maana. Utakayoichagua wewe, mimi nitaitetea kwenye kikao."

Nilishukuru, na nikaogopa. Sikuwa nimewahi kuchagua kitu cha namna ile.

Kampuni mbili zilitufuata. Ya kwanza ilitoka Dar, na mwakilishi wake alivaa tai. Alitaka kutuunganisha kwa mawimbi ya redio, yarushwe kutoka mlingoti hadi mlingoti mpaka kule chini tambarare. Alisema picha itafunguka kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Ya pili ilikuwa kampuni ndogo ya Tanga, na aliyekuja alikuwa fundi wake mwenyewe, kijana mpole mwenye viatu vya vumbi. Yeye aliuza dishi la setilaiti. "Litakuwa polepole kuliko mtambo wa yule mwenzangu, dada," alisema. "Na mvua ikizidi sana, mawimbi yanafifia."

Moyo wangu ulienda kwa mwenye tai. Lakini kabla ya kikao nilisikia kwamba watawa fulani huko juu walikuwa na dishi la kampuni ile ya Tanga, nikapanda kwenda kuuliza. Sista mkuu, mama mtu mzima, aliitikia shikamoo yangu, akanimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka kutuma nini? Sinema?"

"Hapana, Sista. Maagizo ya mboga."

Akacheka. "Hiyo ni barua nyepesi. Hapa mvua ikipiga sana dishi linasinzia, halafu linaamka. Usiwaulize tu inakimbia kiasi gani. Waulize ikizimika, nani atapanda mlima kuja kuiwasha."

Niliporudi niliwauliza wote wawili. Mwenye tai alijibu bila kusita, "Tutawatumia maelekezo kwa barua pepe." Nilimwangalia nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Fundi wa Tanga alijibu maneno mawili tu: "Nitakuja mwenyewe."

Kwenye kikao nilipendekeza dishi. Wapo walionuna kwamba nimechagua cha polepole, lakini mwenyekiti alinitetea kama alivyoahidi. Tukalifunga nyuma ya ofisi, likielekea angani juu ya migomba, na kwa miezi mingi tulifungua maagizo yetu kila asubuhi bila shida.

Kisha ikaja masika mbaya. Radi iliunguza kifaa cha dishi, na tukampigia fundi simu Tanga. Siku iliyofuata mlima uliporomoka chini ya Soni, ukafunika barabara ya kwenda Mombo na kuangusha nguzo za simu. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia. Tulikaa ofisini na mboga zikiiva mashambani, hatuna njia wala sauti. Nilijua fundi hawezi kufika, na sikumlaumu.

Alasiri mlango ukafunguliwa. Alikuwa yeye, tope limemfika kiunoni, kifaa kipya kimefungwa kwenye nailoni kichwani. Gari alikuwa ameliacha upande wa pili wa maporomoko, akavuka kwa miguu, akapata lifti ya pikapiki ya mtu upande huu.

"Samahani, dada, nimechelewa," alisema.

Mwenyekiti alimshika mkono akataka kumkalisha, lakini fundi hakukubali kukaa. Alipanda ngazi akiwa na tope lake lile lile, na kabla ya magharibi barua pepe zikaanza kuingia. Niliwaandikia wanunuzi wote: mboga zipo, barabara haipo, leteni lori mpaka penye maporomoko, sisi tutavusha. Mmoja akakubali, kisha mwingine.

Lori lilipofika, wakulima walijipanga juu ya udongo ule na kupokezana matenga, Waislamu na Walutheri na Wakatoliki, wakiitana kwa Kisambaa. Yule mama wa Mgwashi alikuwa katikati ya mstari, na tenga lake la saladi lilipita mikononi mwangu.

Fundi alilala kwa mwenyekiti mpaka njia ilipofunguliwa. Nguo zake zilikuwa zimefuliwa na hazikauki kwa ukungu, kwa hiyo Ijumaa walikwenda msikitini pamoja, yeye akiwa ndani ya kanzu ya mzee iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu. Watoto walimcheka. Mwenyekiti aliwakemea, kisha naye akacheka, na kila aliyekutana naye njiani alimwambia kwa fahari, "Huyu ni mgeni wangu."