"Ndiyo" Si Jibu

Dada yangu Swaumu ni mwongoza ndege Dar es Salaam, na kazi hiyo aliianza hapa Korogwe akiwa na miaka tisa, kwa kosa la chupa moja. Yeye mwenyewe ndiye anayesema hivyo, mimi nisingethubutu.

Siku hiyo mama, Maryamu, alikuwa ameshainjika karai la kukaangia maandazi. Mafuta yakaonekana hayatoshi, akampa Swaumu chupa aende dukani kwa Lalji akachukue mafuta ya kula. Swaumu akaitika, "Ndiyo, mama," huku miguu iko barabarani. Akarudi na mafuta ya taa. Mama alikuwa ameshainamisha chupa juu ya karai la moto harufu ilipomfikia. Akaiweka chupa chini. Hakumpiga mtu. Alisema tu, "'Ndiyo' si jibu. Nirudishie maneno yangu nijue umebeba nini."

Tangu hapo ikawa adha. Ukitumwa bombani au Segera, unarudia neno kwa neno kabla ya kutoka. Wenzetu wakatuita kasuku. Mimi Husna nilimnunia mama miaka.

Mwezi uliopita Swaumu alikuwa zamu, ndege ya abiria imeruka na inapanda. Kwa kawaida, chini ya futi elfu kumi ndege haizidi mwendo wa noti mia mbili na hamsini, kama magari yanavyobanwa na kibao cha hamsini pale Segera. Lakini mbele yake kulikuwa na kindege cha mwendo wa pole, na juu ya ile ya abiria ndege nyingine ilikuwa ikishuka hadi futi elfu sita. Swaumu akamwagiza rubani asizidi noti mia mbili na kumi, apande aishie futi elfu tano.

Rubani akajibu, "Imepokelewa."

"Nirudishie maagizo," dada akasema.

"Noti mia mbili na kumi, napanda hadi futi elfu sita."

Dada akamkatiza. "Hapana! Ishia elfu tano."

Kisha rubani akarudia: elfu tano.

"Sahihi," Swaumu akamjibu. Ile iliyokuwa ikishuka ikapita juu ya ndege ya abiria salama, na watu wote.

Jumamosi akaja nyumbani. Baada ya shikamoo akatusimulia yote. Mama akauliza kama hizo noti ni za pesa, tukacheka mpaka basi, kisha Swaumu akaanza kulia. Na mimi niliyenuna miaka yote ile, nilishukuru kuzaliwa na mama huyu.

"Asante, mama, kwa ile chupa," Swaumu akasema. "Watu wamefika kwao."

Sikio moja la mama siku hizi ni zito. Akasogea, akamtazama mdomoni.

"Umesema asante kwa chupa," akarudia polepole. "Na watu wamefika kwao."

"Sahihi, mama."