Shemeji Anataka Nirefushe Miti ya Mume Wangu

Admin, ficha jina langu na mtaa wangu, maana huyu ninayemsema yumo humu kwenye ukurasa wako na anapenda sana kutoa maoni.

Nina miaka ishirini na tatu, elimu yangu ni kidato cha nne, na hii ni wiki ya tisa tangu nifunge ndoa. Jamani, nimeolewa! Bado nikiamka naitazama pete kwanza. Mume wangu anapima miti kwenye msitu wa Mlima Meru. Anarudi na majani kwenye nywele na upupu mikononi, nampaka mafuta huku akinisimulia. Anavuta futi kamba kutoka kwenye shina, anasimama mbali, anaweka jichoni kifaa kidogo cha kupimia pembe, anatazama kilele, kisha anatazama chini, ndipo anapiga hesabu. Mwandiko wake ni kama kuku kaparua, kwa hiyo mimi ndiye ninayenakili namba zake kwenye fomu safi, naye anasaini. Kwangu hiyo kazi ni mapenzi matupu.

Sasa kuna shemeji, mume wa dada yangu. Huyo ni mtaalamu. Anakadiria urefu wa msitu huohuo kwa data za setilaiti, amekaa mjini kwenye kiti kinachozunguka, feni inampepea. Msituni hajawahi kukanyaga, anaonea huruma viatu vyake vilivyochongoka. Kwenye sherehe ya kuniaga alishika maiki mbele ya wazee wetu akasema, "Binti yetu tumempa Bwana Miti. Kazi anayofanya mwaka mzima, mimi naimaliza kwa kubonyeza mara moja!" Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka, ndivyo alivyo mpole. Mimi niliona kitambi kilichovaa tai.

Kumbe alibonyeza vibaya. Ramani yake inasema miti ya kwenye miteremko mikali ina mita thelathini na moja. Mume wangu kaipima, ni kumi na nane. Nilipomuuliza imekuwaje, alichukua ungo niliokuwa nachambulia maharage, akauinamisha.

"Mke wangu, mwanga wa setilaiti unaangukia duara la ardhi, kama ungo huu. Pakiwa tambarare, inapata kilele na inapata chini. Pakiinama, inachukua kilele cha upande wa juu na udongo wa upande wa chini, vyote inahesabu mti. Aliyeko mezani ndiye anatakiwa auondoe huo mteremko."

Yaani shahada mbili, na hajui kwamba mlima umeinama!

Wiki iliyopita shemeji akaja mume wangu akiwa kazini. Alipangusa kochi langu jipya kwa leso ndipo akakaa.

"Shem, zile fomu unaandika wewe, siyo?"

"Ndiyo, shemeji."

"Basi zile kumi na nane za mteremkoni, andika thelathini na moja. Ndizo zinazotumika kuhakiki ramani yangu, na nimeshawaambia wenye mradi kwamba iko sawa. Mumeo hata harudii kusoma."

"Lakini anasaini yeye."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Shemeji, si upande mlimani ukapime mwenyewe?"

"Kule kuna nyati, bwana!"

"Mume wangu anapishana nao kila wiki."

Akabadilika sura. "Wakiikataa ramani, kazi sina. Dada yako anajifungua mwezi ujao. Utamlisha wewe?"

Jioni dada akapiga simu, analia. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. "Mdogo wangu, ni namba tu. Miti haitalalamika." Nikamjibu, "Nimesikia, dada." Basi. Yeye akaelewa kwamba nimekubali, akanitumia ujumbe wa asante wenye maua.

Sikukubali. Niliandika kumi na nane kila palipo na kumi na nane. Mume wangu akasaini bila kutazama, akanibusu shavu. Ningewezaje kuliweka jina la mwanaume huyu chini ya uongo wa yule?

Fomu zinachukuliwa Jumatatu, na leo ni Ijumaa. Nikimwambia dada ukweli leo, yule bwana ana siku mbili za kuuondoa mteremko kwenye ramani yake. Atapona, na nawaapia atashika maiki tena kwenye ubatizo wa mtoto atusimulie alivyogundua kosa mwenyewe. Nikinyamaza, ataumbuka mbele ya wenye mradi, na Mungu anisamehe, natamani sana niwepo nione. Lakini nikifumba macho namwona dada na tumbo lake, ananishukuru kwa kitu ambacho sikufanya.

Ndugu zangu, nishaurini kabla ya Jumatatu. Yule mtu nimwokoe?