Fundi Aliyefumua Bango

Fundi wa cherehani pale getini pa kambi ya jeshi alikuwa mtu wa ndiyo. Ukimletea suruali jioni ukaitaka asubuhi, ndiyo. Wanaume wenzake walimwita Bibi Harusi, kwa kuwa mkewe ndiye aliyevaa magwanda na yeye ndiye aliyebaki na masufuria. Naye alicheka nao! Ningekuwa mimi, ningeshamchoma mtu sindano.

Mkewe alikuwa dereva wa lori la maji jeshini. Huo ulikuwa mwezi wa saba tangu aende mpakani na kikosi, na nyumbani kamwachia mumewe binti wa miaka tisa, mfupi hata wakamwita Kifungo.

Siku moja akaja Mama Mwenyekiti, mke wa mkuu wa kambi na kiongozi wa kamati ya familia, na kitambaa cheupe begani.

"Jumamosi watoto wanapiga picha ya kuwashukuru walioko mpakani. Nishonee bango: ASANTE BABA ZETU MASHUJAA. Herufi nyekundu."

Fundi akakipokea kitambaa. "Mama, si tungeandika wazazi? Maana mama Kifungo naye yuko huko."

"Baba ni arobaini na mmoja, mama ni mmoja. Tubadili bango zima kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Ndiyo," akasema fundi kwa mazoea. Mama Mwenyekiti akaenda zake, akijua amekubaliwa.

Fundi akashona alivyoagizwa. Kifungo aliporudi kutoka shule akalisoma bango mara mbili.

"Mama yuko wapi hapa?"

"Yumo kwenye mashujaa."

"Hayumo. Wameandika baba. Kwani mama ana ndevu? Mimi sisimami chini ya hilo."

"Mwanangu, mama atakutafuta kwenye picha."

"Basi anikose."

Usingizi ukampaa fundi. Alimjua mkewe: angeipitia picha ile sura moja baada ya nyingine, na asipomwona mwanawe angedhani ni mgonjwa, au mbaya zaidi.

Jumamosi bango likafungwa juu ya goli la uwanja wa kambi. Watoto wakapangwa, nguo zimenyooshwa, viatu vinang'aa. Kifungo akasimama mbali, kwenye kibendera cha kona, mikono kifuani.

"Mwacheni," akasema mvulana mmoja. "Mama yake dereva tu, hapigani."

"Na baba yako anakunywa maji ya nani?" Kifungo akamrudishia. "Mama yangu asipofika na lori, huyo shujaa wako anapiga mswaki kwa mate!"

Watoto wakaangua kicheko. Mama Mwenyekiti hakucheka. "Abaki hukohuko. Mpiga picha, piga!"

"Ngoja," akasema fundi.

Akachukua kiti, akapanda, akatoa wembe mfukoni.

"Fundi! Unafanya nini?"

"Uliniuliza kama tubadili bango kwa ajili ya mtu mmoja. Nikakujibu ndiyo."

Akaanza kufumua. B ikadondoka. A ikafuata. Woga haumtoki mtu kwa siku moja, lakini wembe haukusimama.

"Shuka hapo!"

"Sishuki. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na huyu mama si mnyonge, anaendesha lori la magurudumu kumi!"

Herufi nane zikalala kwenye nyasi. Juu likabaki ASANTE, kisha pengo lenye matundu ya sindano, kisha MASHUJAA. Hakuna baba aliyepunguziwa kitu. Kifungo akaja mbio, akapenya hadi katikati ya mstari wa mbele, kidevu juu. Mpiga picha, aliyekuwa amechoka na jua, akapiga.

Jumatatu nguo za kambi zikapelekwa kwa fundi mwingine. Iliuma, sitadanganya. Fundi hakwenda kuomba msamaha.

Baada ya wiki mbili mkewe akapiga simu.

"Picha imefika. Kifungo nimemwona, kavimba kama mkuu wa majeshi. Na bango mmelifanyaje? Watoto wamewasimulia baba zao, huku mpakani kikosi kizima wanamuulizia aliyepanda golini na wembe."

"Umewaambiaje?" akauliza fundi.

"Nimewaambia," akasema mkewe, "huyo ni mume wangu."