Si Vibarua, Si Wakwe

Kilichonipeleka Buteba ni ukuta uliopasuka. Mwanafunzi wangu Nekesa ana shangazi aliyeolewa huko, upande wa Uganda wa Busia, na shangazi huyo alituma habari kwamba chemchemi yao imeharibika. Wanafunzi wa chuo kingine waliwahi kuijengea ukuta, ukuta ukapata ufa, na sasa ng'ombe walikuwa wakinywa pale pale watu wanapochota. Mvua zikianza kabla haujatengenezwa, uchafu wote wa malishoni ungeteremkia humo.

Mimi hufundisha walimu watarajiwa katika chuo kidogo karibu na Kakamega. Kila mwaka tunatafuta mahali pa kuwapeleka wanafunzi wakajifunze kwa kuitumikia jamii. Nikaona mwaka huu mahali pametutafuta penyewe.

Tulitoka asubuhi na basi la chuo, tukapita miwa ya Mumias, na jua lilipoanza kuchoma tulikuwa Busia. Basi lilibaki upande wetu. Tulishughulikia karatasi zetu, kisha tukavuka kwa miguu kando ya foleni ya malori, huku akina mama wenye vikapu vya samaki wa ziwani kutoka Majanji wakija Kenya kuuza. Barasa, kijana mrefu kuliko wote, alikuwa amebeba majembe yetu begani. Mama mmoja wa samaki akamwuliza, "We kijana, Uganda majembe yameisha?" Tulicheka tu. Laiti tungemsikiliza vizuri.

Upande wa pili pikapu ilitusubiri. Njia ya Buteba ni ya udongo mwekundu, mihogo huku, mtama kule, na mwamba wa Tororo umesimama mbali upande wa kaskazini. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Asekenye, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Alitusalimu kwa Kiteso, "Yoga," akatulisha ugali wa wimbi na majani ya kunde yaliyotiwa karanga. Nilipomwuliza kazi itaanzaje kesho, alisema, "Kesho tutaongea kwanza."

Wanafunzi hawakulisikia neno "kwanza", na mimi sikulishika. Kulipopambazuka tulishuka chemchemini ili wenyeji watukute tayari kazini. Tulikuwa tumeanza mfereji wa kukinga uchafu wa malishoni akina mama walipofika. Waliweka mitungi chini, wakaketi ukingoni, wakatutazama. Hakuna aliyeshika jembe.

"Huyu mrefu," mmoja akauliza hatimaye, akimwonyesha Barasa kwa kidevu, "anaoa kwa nani?"

"Kwangu hapana," akajibu mwingine. "Binti yangu bado anasoma."

"Basi ni kibarua. Nani amemwajiri?"

Walicheka mpaka Barasa akaacha kuchimba. Nekesa, ambaye hukaa kwa shangazi yake wakati wa likizo, ndiye aliyetueleza. Hapa watu hulima kwa zamu. Leo kikundi kizima kiko shambani kwako, kesho uko kwa jirani, na hakuna anayebaki mnyonge. Anayekulimia bila wewe kumlimia ni wa aina mbili tu: kibarua, au kijana anayetaka kuwa mkwe.

Mama Asekenye akaniita kando. "Mwalimu, wale wa kwanza nakuja, najenga, napiga picha, nakwenda. Ukuta ikapasuka, hakuna mtu wa hapa alishika hata jiwe. Wanasema ni ukuta ya wageni. Sasa nyinyi. Sisi nakuja kwenu lini?"

Nikamwahidi mabomba mapya ya chemchemi.

"Hiyo ni zawadi. Mimi nauliza zamu." Akawatazama wenzake. "Nikiingiza tena watu bila zamu, nusu ya hawa mama natoka. Wameniambia. Kikundi nakufa mikononi mwangu."

Nikaelewa kwamba tungeweza kuikamilisha kazi ile na tukakivunja kikundi chake. Nikawaambia wanafunzi. Nekesa ndiye aliyesema, "Mwalimu, si kuna shamba la mahindi nyuma ya bweni? Magugu yamelimeza."

"Mko na shamba yenye magugu," akasema mama mmoja, "na mmekuja kuchimba ya kwetu?" Wakacheka tena, ila safari hii nasi tulicheka.

Lakini shamba la chuo si langu. Nilimpigia simu mkuu wa chuo, naye akasita. "Akina mama watoke Uganda waje kutupalilia? Watu watasema tunawatumia." Hoja yake ilikuwa ya mtu mwema. Nikampa Mama Asekenye simu.

"Mkuu," akasema, "huko kwenu hakuna kazi?"

Sikusikia alichojibiwa. Niliona tu akitabasamu. "Basi nakuja. Chakula pika."

Alirudi ukingoni, akasema maneno machache kwa Kiteso, na akina mama wakasimama, wakaenda kuleta majembe yao. Walianza kwa kutusogeza, maana mfereji wetu ulielekea kwenye kitalu cha mtu. Siku tulizokaa pale zilijaa ubishi, mawe, saruji na uzio wa miiba. Barasa aliitwa "mkwe" mpaka tulipoondoka, akazoea kuitika.

Njiani kurudi niliwaza juu ya neno "kutumikia" tunalolipenda sana chuoni. Si neno baya. Ila tulikuwa tumelitumia kana kwamba shida zote ziko kwa wenzetu na mikono yote iko kwetu. Ukitaka ushirika na watu wa kijiji, mwalimu mwenzangu, usiende na majembe tu. Nenda ukiwa tayari kutaja magugu yako.

Mvua zilianza, tukapanda, na mahindi yalipofika magotini akina mama walikuja, kila mmoja na jembe lake. Mlinzi wa lango aliwauliza ni wageni wa nani.

"Si wageni," akasema Mama Asekenye. "Ni zamu yetu."

Walipalilia pamoja na wanafunzi hadi mstari wa mwisho, kisha tukala. Mkuu wa chuo akainuka kutoa shukrani ndefu. Mama Asekenye alimsikiliza kwa adabu, akifuta udongo kwenye jembe, mpaka alipomaliza.

"Mkuu, mfereji umeanza kujaa mchanga," akasema. "Mnakuja lini?"